Taarifa ya Mikate Iliyorudi

Kila siku kengele ya mwisho ilipolia shuleni, Sindano hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye bekari ya mjomba wake, akatundika mkoba kwenye msumari nyuma ya mlango, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akajifunga kitambaa kichwani, kisha akakaa mwisho wa meza ndefu ya kufungia mikate. Jina la Sindano alipewa na wanafunzi wenzake kwa sababu mbili: mwili wake ulikuwa mwembamba, na ulimi wake ulichoma. Alikuwa darasa la saba, na katika hisabati hakuwa na mpinzani.

Kazi yake pale mezani haikuwa ngumu. Mama yake, ambaye ndiye aliyekuwa msimamizi wa ufungaji, alitia mkate kwenye mfuko wa nailoni, akausokota mdomo wa mfuko, akamsukumia Sindano. Sindano aliufunga kwa utepe. Mikate iliyookwa alfajiri ilifungwa utepe wa buluu, na ile iliyookwa mchana ilifungwa utepe mwekundu, ili wenye maduka wajue upi wauze kwanza.

"Haraka, haraka!" mama yake alimhimiza. "Unafunga mkate au unambembeleza mtoto alale?"

"Mama, huu bado unachoma."

"Utapoa njiani. Yule Kofia akikuta mzigo haujakamilika ataanza ngonjera zake."

Kofia alikuwa dereva aliyesambaza mikate kwa pikapu ya bekari. Kofia yake haikutoka kichwani mvua wala jua, na watu walisema alizaliwa nayo. Yeye na mama yake Sindano waliishi kama paka na panya. Hata kabla injini haijazimika, maneno yalikuwa yameshaanza.

"Mama Sindano, maduka ya juu yanafungwa jioni. Mimi sina mabawa."

"Ungekuwa nayo ungeshayauza. Pakia mikate uondoke. Na hilo turubai lako ulifue, linanuka samaki."

"Turubai langu linanuka turubai."

Sindano alicheka. Mtu yeyote aliyegombana na mama yake alikuwa adui yake, basi.

Siku hizo bekari ilikuwa na balaa. Mikate ilikuwa ikirudi. Kila asubuhi Kofia alishusha kreti za mikate iliyokataliwa madukani, na ukiifungua mifuko ulikuta ukungu wa kijani umeota juu ya ganda, laini kama manyoya ya kifaranga. Wenye maduka walituma ujumbe, kwanza wa upole, kisha wa ukali. Mwishowe walisema hivi: bekari ije ijieleze mbele yao, na isipojieleza vizuri, watachukua mikate kwingine.

Habari hizo zilifika mpaka shuleni. Binti yake Kofia alisoma darasa moja na Sindano. Alikuwa mfupi mno, ndiyo maana walimwita Nukta, lakini sauti yake haikuwa fupi.

"Jamani," alisema siku moja wakati wa mapumziko, huku wenzake wakimzunguka, "baba yangu anabeba mikate kwenda, anabeba manyoya kurudi. Mama yake Sindano siku hizi anafuga, haoki."

Wanafunzi waliangua kicheko. Sindano akahisi masikio yanawaka.

"Manyoya yanaota kwenye gari la baba yako kwa uchafu!" akajibu. "Mtu hata kofia hafui, atafua turubai?"

Nukta akamrukia. Walitenganishwa na kiranja, mmoja akiwa ameshika kola ya mwenzake. Tangu siku hiyo hawakusalimiana, na Sindano alijiapiza moyoni kwamba neno lile litamrudia Nukta.

Nafasi ilikuja mapema kuliko alivyotarajia.

"Mpwa wangu," Mjomba alimwambia jioni moja ofisini, akijikuna kidevu kilichojaa unga, "wale watu hawataki maneno matupu. Wanataka taarifa, wanataka takwimu. Wewe si ndiwe bingwa wa hesabu? Hesabu mikate iliyorudi, uone inatoka wapi, uniandikie."

Sindano alivimba kichwa. Kesho yake aliingia kwenye stoo ya nyuma, mahali palipowekwa mikate iliyorudi kabla ya kutupwa. Harufu ya uchachu ilimpiga usoni. Alifunga pua kwa kitambaa, akafungua kreti moja baada ya nyingine, na kwa kila mkate akaandika mambo mawili: umetoka duka gani, na utepe wake una rangi gani. Alifanya hivyo kwa wiki nzima, wala hakuruka hata mkate mmoja. Kuhesabu alihesabu kwa haki.

Shida ilianza alipokaa kitako kuyasoma aliyoyahesabu. Ukipanga mikate kwa maduka, maduka ya juu, yaliyo mbali, yalirudisha mingi, na maduka ya chini, yaliyo karibu na bekari, yalirudisha michache. Lakini ukiipanga kwa rangi, picha ilibadilika kabisa. Karibu mikate yote yenye ukungu ilikuwa na utepe mwekundu. Hata ile michache ya maduka ya karibu ilikuwa myekundu. Ya buluu ilitafutwa kwa tochi.

Sindano hakuwa mjinga. Maduka ya juu yalipelekewa mikate ya mchana kwa sababu ndiyo safari ya jioni. Ile ya alfajiri ilipata muda wa kupoa; ya mchana ilifungwa na nani, na kwa haraka gani? Aliikumbuka mifuko inayochoma vidole, na matone ya maji yanayotiririka ndani ya nailoni kabla mkate haujafika kwenye kreti. Alimkumbuka mama yake akisema, "Utapoa njiani."

Akaitazama ile safu ya rangi. Akamfikiria mama yake akisimama mbele ya wenye maduka. Akamfikiria Nukta akicheka tena. Kisha akaiacha ile safu. Hakubadilisha namba hata moja, na hilo ndilo alilojiambia usiku ule ili apate usingizi: sijadanganya, kila nilichoandika ni kweli.

Ili taarifa ionekane ya kitaalamu, aliinenepesha. Aliweka chati za duara na chati za nguzo, za rangi ya zambarau na ya machungwa. Aliandika "mchanganuo wa mtawanyiko wa marejesho" mahali ambapo mtu mwingine angeandika "mikate iliyorudi." Ilipotoka kwenye printa ya Mjomba ilikuwa na kurasa kumi na nane.

Mkutano ulifanyika katika chumba cha nyuma cha duka kubwa kuliko yote, katikati ya magunia na makatoni. Mwenye duka hilo, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa wenzake, alikuwa mwanamke mzee aliyevaa miwani kwenye ncha ya pua. Walimwita Bibi Miwani. Kando yake alikaa mwenye duka la juu kabisa, mwanamume mnene anayejulikana kwa jina la Bwana Kelele. Hakuna aliyewakaribisha viti. Kofia aliambiwa asubiri nje kwenye gari.

"Shikamooni," alisema Sindano.

"Tunasikiliza," alisema Bibi Miwani, bila kuitikia.

Sindano alifungua ukurasa wa kwanza. "Taarifa hii inakusudia kuchambua kwa kina mwenendo wa marejesho ya bidhaa kwa kuzingatia vigezo..."

"Mtoto," Bibi Miwani alimkatiza, "hizo kurasa ngapi?"

"Kumi na nane, Bibi."

"Mimi nina wateja wamesimama mlangoni. Mkate unaota ukungu. Kwa nini?"

"Kwenye ukurasa wa kumi na mbili kuna..."

"Sikuuliza ukurasa. Nimeuliza kwa nini."

"Labda tuletewe na kamusi!" alidakia Bwana Kelele, na wenye maduka wakacheka kicheko kisicho na furaha. Mmoja alisimama akaenda zake. Mjomba alianza kutoka jasho.

Sindano alifungua kurasa kwa pupa, mbili zikamponyoka zikaanguka sakafuni, akafika kwenye chati ya nguzo. Aliinyanyua juu. Kushoto kulikuwa na nguzo fupi za maduka ya karibu, na kulia nguzo ndefu za maduka ya mbali.

"Kadiri duka linavyokuwa mbali, ndivyo ukungu unavyozidi," alisema. "Mikate inaharibikia njiani. Kwenye gari."

"Nilisema mimi!" Bwana Kelele alipiga katoni ngumi. "Ile pikapu! Yule mtu na turubai lake!"

Bibi Miwani aliivuta chati, akaitazama kwa muda mrefu. "Mkate na safari vina ugomvi gani?" aliuliza taratibu. "Biskuti husafiri siku tatu kuja kwangu, hazioti ukungu. Gari lina nini?"

"Lina uchafu, Bibi."

"Umeuona?"

Sindano aliinyooshea kidole ile chati. "Takwimu zinaonyesha."

Lile neno lilifanya kazi ambayo kurasa kumi na nane zilishindwa kuifanya. Chumba kizima kilianza kupiga kelele. Wengine walitaka dereva aondoke leo hii, wengine walitaka bekari nzima iachwe. Mjomba, aliyeona biashara yake inateleza mikononi, alitoka nje kwa hatua kubwa. Sindano alimfuata.

"Nipe funguo," Mjomba alimwambia Kofia. "Kazi imeisha."

Kofia alimtazama kana kwamba hakusikia vizuri. "Kosa langu nini?"

"Mikate inaharibikia garini. Imehesabiwa."

"Nani kahesabu?"

Macho ya Mjomba yalimwendea mpwa wake. Kofia naye akamtazama Sindano. Hakutukana, hakubisha. Alitoa funguo mfukoni, akaziweka juu ya boneti, akaondoka kwa miguu.

Nyumbani mama yake Sindano alifurahi. "Nilijua tu," alisema. "Yule mtu ana mkosi." Sindano aliacha nusu ya chakula chake kwenye sahani, akaenda kulala.

Dereva mpya aliletwa. Pikapu ilisuguliwa kwa sabuni, na turubai likanunuliwa jipya. Kwa siku chache kila mtu alitembea kifua mbele. Kisha kreti zikaanza kurudi tena, zimejaa kuliko mwanzo. Dereva mpya alikuwa mwepesi, alifika mapema kuliko Kofia, na kwa ajili yake mama yake Sindano alizidisha mwendo. Mikate sasa iliingia mifukoni moja kwa moja kutoka kwenye trei.

Siku moja Nukta alimngojea Sindano kwenye kona ya choo cha shule. Safari hii hakuwa na watu nyuma yake.

"Baba anashinda kwenye vituo vya malori kutafuta kibarua," alisema. "Anapoulizwa kwa nini alifukuzwa, anasema takwimu. Nataka kujua tu. Ulihesabu nini?"

"Nilihesabu mikate."

"Baba anasema mikate ya utepe mwekundu ilikuwa ikimlowesha mikono akiipakia. Ile ya buluu ilikuwa mikavu. Hilo nalo ulilihesabu?"

Sindano, mwenye ulimi uliochoma, aligeuza uso pembeni. Nukta alimtazama usoni, na alichokiona kilimtosha.

"Ulijua," alisema Nukta. "Ulijua, ewe shetani!" Akatema mate chini, karibu na viatu vya Sindano, akaenda zake.

Jioni hiyohiyo Bwana Kelele aliingia bekarini bila kubisha hodi. Mjukuu wake alikuwa ametapika usiku kucha. Alikuwa amekula mkate uliokuwa na ukungu upande wa chini, mahali ambapo hakuna aliyetazama.

"Mlisema ni gari!" alinguruma mpaka wapishi wakaacha tanuri. "Gari mmebadilisha! Sasa mtasema ni nini, barabara? Jumatatu mje mjieleze kwa mara ya mwisho. Na yule mtoto wenu wa chati mje naye, nataka nimwone uso!"

Alipoondoka, Sindano alimfuata mama yake kwenye meza ya kufungia.

"Mama, tunaifunga ikiwa moto. Mvuke unageuka maji ndani ya mfuko. Nilihesabu na rangi, Mama. Ni myekundu karibu yote. Niliificha."

Mama yake aliweka chini mkate aliokuwa ameshika. "Sema tena."

Sindano alisema tena.

"Kwa hiyo mimi ndiye ninayetapisha watoto wa watu?" Sauti ya mama ilipanda. "Nimesimama kwenye meza hii tangu wewe hujazaliwa! Miguu imevimba kwa ajili ya daftari zako, leo unanijia na rangi? Umemmaliza Kofia, sasa umenigeukia mimi? Ondoka mbele yangu!"

"Mama..."

"Ondoka!"

Sindano alikwenda ofisini kwa Mjomba akilia, akamweleza yote. Alidhani angehurumiwa. Mjomba alimsikiliza mpaka mwisho, uso wake ukizidi kuwa mgumu kama mkate wa juzi.

"Nimemfukuza mtu aliyenifanyia kazi miaka minane," alisema. "Nimemfukuza kwa karatasi yako. Na sasa unataka nimgeukie dada yangu kwa karatasi yako nyingine? Siamini tena namba zako. Nionyeshe kwa macho."

Basi wakafanya jaribio. Kutoka kwenye trei moja la mchana, Mjomba alichukua mikate kumi. Mitano aliifunga palepale ikiwa moto. Mitano aliiacha juu ya wavu wa waya mpaka ikapoa kabisa, ndipo akaifunga. Yote kumi aliiweka kwenye kreti moja, juu ya meza ya mama yake Sindano, isipande gari lolote. Mama aliizunguka ile kreti bila kuitazama, kama mtu anayemkwepa mdai wake. Lakini siku ya tatu asubuhi Sindano alimkuta amesimama mbele yake peke yake. Mikate iliyofungwa moto ilikuwa na madoa ya kijani. Ile mingine ilikuwa safi. Mama aliisogeza kreti pembeni. Alijifunga aproni, akaanza kazi.

Usiku wa kuamkia Jumatatu Sindano aliandika upya. Alianza vilevile alivyozoea, kwa maneno marefu. Mjomba alisoma mistari mitatu, akaichana karatasi.

"Unamwandikia nani?"

"Wenye maduka."

"Unawaandikia kweli, au unajionyesha kwao? Bibi Miwani yuko mlangoni, wateja wanamwita, mguu mmoja uko nje. Utamwambia nini kabla hajaondoka? Hilo ndilo liwe la kwanza. Akibaki, mwambie umejuaje. Akizidi kubaki, mwambie tutafanya nini. Na kama kuna usichokijua, kiseme, asije akakigundua yeye."

Karatasi ya pili nayo ilichanwa, na ya tatu. Ya nne Mjomba aliisoma, akaikunja, akamrudishia bila kuichana.

Jumatatu chumba cha nyuma kilikuwa kimejaa, na hewa ilikuwa nzito. Safari hii Kofia alikuwa ndani. Mjomba alikuwa amemwendea mwenyewe kumwomba aje, na alikubali kuja, si kusamehe. Alikaa pembeni amefumbata mikono, Nukta amesimama nyuma yake. Bwana Kelele alikuwa amekunja ngumi tayari.

"Kurasa ngapi leo?" aliuliza Bibi Miwani.

"Mmoja, Bibi."

"Soma."

Sindano hakusalimu kwa maneno marefu. Alisoma:

"Mikate inaota ukungu kwa sababu tunaifunga ikiwa bado moto. Kosa ni la bekari, si la gari wala la dereva. Kati ya kila mikate kumi iliyorudi, tisa ilikuwa na utepe mwekundu, yaani ya mchana, ambayo hufungwa kwa haraka. Maduka ya juu yalipata mingi kwa sababu hupelekewa mikate ya mchana. Tumejaribu: mikate ya trei moja, mitano imefungwa moto na mitano imefungwa baridi, haikupanda gari. Iliyofungwa moto imeota ukungu yote, na iliyofungwa baridi haikuota hata mmoja. Kuanzia kesho, mikate itapoa kwenye waya kabla ya kufungwa, na tanuri la mchana litawashwa mapema zaidi. Hatujui bado kama joto la madukani nalo linachangia. Tutaomba ruhusa tulichunguze."

Mstari wa mwisho ulikuwa umeandikwa kwa mkono.

"Mambo ya rangi niliyajua tangu taarifa ya kwanza. Niliyaacha kwa makusudi."

Chumba kikalipuka.

"Mtoto mwongo!" Bwana Kelele alisimama. "Mjukuu wangu alilazwa hospitali akatundikiwa maji kwa ajili ya mtoto mwongo! Na nyinyi watu wazima mlikuwa wapi?"

"Nilikuwa mezani, nafunga," sauti ilitoka mlangoni.

Watu waligeuka. Mama yake Sindano alikuwa amesimama pale na aproni yake, unga mpaka kwenye nyusi. Hakuna aliyemwalika.

"Mikono iliyofunga ni yangu," alisema. "Mtoto huyu aliniambia mikate inachoma, nikamwambia itapoa njiani. Mwenye kutaka kutukana anitukane mimi. Bwana, nakuomba radhi kwa mjukuu wako." Kisha akamgeukia Kofia, na ilionekana wazi kwamba maneno yale yalikuwa mazito kwake kuliko gunia la ngano. "Na wewe pia. Nakuomba radhi."

Kofia aliishusha kofia yake hadi machoni. Bibi Miwani alinyoosha mkono, akaichukua ile karatasi, akaisoma mwenyewe kuanzia juu hadi chini. Haikumchukua muda.

"Siwapendi," alisema hatimaye. "Wiki zote hizi mmenifanya nionekane muuza uozo. Lakini hii nimeielewa, na yaliyomo naweza kuyakagua. Nitakuja bekarini bila taarifa kuona hizo waya. Nawapa mwezi mmoja. Baada ya hapo, mkate mmoja ukirudi na manyoya, msinionyeshe sura zenu."

Mwezi ulipita kwa mashaka. Kila asubuhi Sindano alikagua kreti zilizorudi kabla ya kwenda shule. Mwanzoni ilirudi michache, kisha mmoja mmoja, kisha zikarudi kreti tupu. Bibi Miwani hakuja kusifu, ila aliongeza oda. Bwana Kelele naye alirudi kununua mikate, mjukuu wake alipopona, lakini alikuwa akifungua kila mfuko na kuunusa mbele ya dereva.

Dereva huyo alikuwa Kofia; yule mpya hakuwepo tena. Alikubali kurudi kwa sharti kwamba Mjomba atangaze mbele ya wafanyakazi wote kwamba alimfukuza kwa kosa lisilo lake, na Mjomba alitangaza. Yeye na mama yake Sindano waliendelea kugombana kama zamani, isipokuwa sasa mama ndiye aliyesema, "Subiri ipoe," na Kofia ndiye aliyengoja akinung'unika. Nukta hakumsamehe Sindano. Darasani alipitisha daftari juu ya kichwa cha Sindano bila kumwangalia, na Sindano alijua hana haki ya kulalamika.

Siku moja jioni Kofia alipokuwa akingoja mikate ipoe, Sindano alikusanya ujasiri akamwendea pale kwenye gari.

"Baba, naomba unisamehe. Namba zangu zilikukosesha kazi."

"Namba?" Kofia aliegemea mlango wa pikapu. "Namba hazikunifukuza mimi. Namba zilikuwa zinanitetea, wewe ukazifunga mdomo. Ulichagua zipi ziseme na zipi zinyamaze, kisha ukasimama mbele ya watu ukasema takwimu zinaonyesha."

Sindano aliinamisha kichwa.

"Inua uso, sijamaliza. Mimi si mwalimu, na hasira yangu haijaisha, lakini hili nitakwambia kwa sababu una akili na utaandika taarifa nyingi maishani mwako. Aliyekaa mbele yako mwandikie kwa ufupi, aelewe, kwa kuwa ana kazi zake na ataamua kwa karatasi yako. Lakini kabla ya kuipeleka, mfikirie yule aliyeachwa nje ya mlango, asiyeweza kujibu. Kama taarifa yako haiwezi kusomwa mbele yake yeye, usiisome mbele ya mtu yeyote."

Kutoka ndani, mama yake Sindano aliita kwamba mikate imepoa. Kofia alifungua mlango wa nyuma wa gari.

"Haya, shika upande wa pili," alisema kwa ukali. "Kreti hazijipakii zenyewe."

Sindano alishika upande wa pili.